Upande wa Kushoto wa Shemeji

Mume wa dada yangu ni fundi wa cherehani, na mji mzima unamwita Mzee Sindano. Jina hilo alipewa na washonaji, kwanza kwa ajili ya kazi yake, pili kwa ajili ya umbo lake, maana ni mwembamba hata shati humkaa kama limetundikwa msumarini. Kulikuwa na sababu ya tatu, ambayo yeye mwenyewe aliipenda kuliko hizo mbili. Aliweza kutunga uzi kwenye sindano ndogo kabisa, bila miwani, huku anaongea na mtu. Washonaji wa umri wa binti zake wanalamba ncha ya uzi na kukosea na kulamba tena. Yeye ananyoosha mkono, anachukua sindano, uzi umeshapita.

Mimi ni fundi rangi. Dada ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, kwa hiyo nyumba yao ni nyumba yangu, na shemeji nimemtania tangu navaa kaptula. Ninayemsimulia hapa simjui kwa kuchungulia dirishani.

Gari lake lilikuwa stesheni wagoni ya zamani, ndefu, yenye pembe kama kasha la nguo, na sisi tuliliita hivyo hivyo, Kasha. Viti vya nyuma alivilaza miaka mingi iliyopita na hakuvisimamisha tena. Hapo alipakia vichwa vya cherehani, meza zake za chuma, mota, mikanda, kopo la mafuta na sanduku la vipuri. Mlango wa nyuma ulifungukia juu, na mvua ikinyesha alisimama chini yake akaendelea na kazi kama mtu aliye barazani kwake. Vioo vilikuwa vikubwa, vimelizunguka gari lote, na ukikaa kwenye usukani ulikuwa unaona ncha zote mbili za boneti. Ubaya wa Kasha pia tuliujua. Usukani ulikuwa mgumu, klachi ilitaka mguu mzima, na ukitaka upepo unashusha kioo na kumeza vumbi. Ubavu wa kushoto ulijaa mikwaruzo na mabonyeo. Shemeji alikuwa na maelezo yake: watu hawana adabu, unaegesha gari lako vizuri, wanalikwaruza halafu wanapotea.

Dada alisafiri naye karibu kila siku. Shemeji akitengeneza cherehani, dada anawauzia washonaji nyuzi, vifungo na zipu. Njiani alikuwa hanyamazi. Baba Pacha, baiskeli hiyo. Huyo mama anavuka. Kuna mtu na mkokoteni. Baba Pacha, nguzo. Shemeji alikuwa anajibu kwa kuguna, na siku akichoka alimwambia kwamba gari hili lina dereva mmoja. Mimi nikipanda nao nilikuwa nacheka. Nilidhani ni mambo ya watu waliooana siku nyingi.

Mwaka jana Kasha lilizimika katikati ya njia panda, mvua inanyesha, likasukumwa na wapita njia. Habari zikawafikia binti zao, wale pacha, ambao wanafanya kazi mji mwingine. Hawakusema kitu. Baada ya muda mfupi wakaja wote wawili na gari jeupe, jipya kwa macho yetu ingawa lilikuwa na mwenyewe kabla yetu, wakaliingiza uani na kumkabidhi baba yao ufunguo. Mkubwa akamweleza mama yake kwamba hii inaitwa saluni. Dada akauliza kama inasuka na nywele. Tulicheka sana siku ile, tukalibatiza Bi Harusi.

Bi Harusi lilikuwa na raha zake, nisiseme uongo. Halina klachi, unaweka gia mara moja tu, kisha ni kukanyaga na kuachia. Usukani unauzungusha kwa kidole. Ndani kuna baridi kama dukani kwa muuza nyama, na mlango ukifungwa husikii hata honi za nje. Lakini buti lake lilimeza kichwa kimoja cha cherehani tu, meza ikabaki nje. Boneti iliinama mbele ikapotea, hujui gari linaishia wapi. Dirisha la nyuma lilikuwa jembamba kama tundu la barua. Na viti vilikuwa chini mno. Dada ana goti bovu. Kuingia alikuwa anadondoka, kutoka ilibidi avutwe kwa mikono miwili. Hakumaliza hata mwezi. Akasema yeye anabaki nyumbani, washonaji wanaotaka nyuzi wanajua anapokaa.

Basi shemeji akaanza kuendesha peke yake, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo.

Kwanza akagonga nguzo ya geti, geti lake mwenyewe, upande wa kushoto. Halafu kioo cha pembeni kikaachwa kwenye ukuta wa benki. Halafu akapanda ukingo wa barabara mbele ya shule na kupasua tairi. Kila mara kosa lilikuwa la gari. Alinionyesha ile nguzo iliyo kati ya kioo cha mbele na mlango, akasema ni nene kama mguu wa tembo, inaficha mtu na mzigo wake. Kasha lilikuwa na nguzo nyembamba, unaona dunia nzima. Magari ya siku hizi yanatengenezwa yapendeze kwa nje, aliyemo ndani shauri yake. Pacha wakampigia simu kumwambia ni mazoea tu, atalizoea. Dada akasema anadeka. Hata mimi nilidhani analililia Kasha lake.

Siku moja aliniomba nimsindikize kupeleka cherehani kubwa ya kiwandani kwa fundi wa mashuka. Kwa kuwa buti halikutosha, tuliiweka kiti cha mbele, tukaifunga mkanda kama abiria. Mimi nikakaa nyuma ya shemeji. Ilikuwa mchana mweupe, barabara imepooza. Mbele yetu kushoto kulikuwa na muuza mikate na baiskeli yake, sanduku la mbao limefungwa nyuma. Nilimwona tangu mbali. Tulikwenda naye sambamba, taratibu, mpaka kwenye makutano. Pale akasimama kidogo, akatutazama, na shemeji akageuza uso kumtazama, nami nikaona kabisa uso wake umeelekea kule. Kisha shemeji akakata kona kushoto, moja kwa moja, kama vile pale hapakuwa na mtu.

Mlio wa sanduku la mbao likipasuka bado ninao masikioni. Nilipofika nje, muuza mikate alikuwa mtaroni, suruali imechanika gotini, mikate imetawanyika hadi katikati ya lami. Alikuwa mzima. Kuchubuka tu. Shemeji alishuka akabaki ameshika mlango.

"Ametokea wapi huyu?" akaniuliza.

Yule mtu hakutokea popote. Alikuwa pale tangu mwanzo. Muuza mikate akamwinulia uso, bila ukali, kama mtu anayetaka kuelewa.

"Mzee, si umeniangalia? Tumetazamana."

Tulimpeleka zahanati akafungwa bandeji, tukamrudisha kwake. Njia nzima shemeji aliilaani ile nguzo. Kitu kimoja kilikuwa kinanizunguka kichwani. Kutoka pale nilipokaa, nguzo haikuwa kati ya shemeji na yule mtu. Alikuwa ndani ya kioo, wazi, kama picha ukutani.

Jumamosi iliyofuata akaniita uani. Alikuwa ameamua kuwathibitishia pacha kwamba Bi Harusi lina kasoro, lirudishwe lilikotoka. Mtu wa ufundi ni mtu wa vipimo. Akaliegesha Bi Harusi likitazama bomba la maji lililopo ukutani, akakaa kwenye usukani, akaniambia atakazia macho bomba bila kugeuza shingo. Mimi nianzie bombani, nizunguke taratibu kuelekea kushoto, yeye atasema anaponipoteza, nami niweke tofali pale. Dada alikuwa kwenye ngazi ya jikoni anachambua vifungo kwenye sinia, anatutazama kama watoto wanaocheza.

Nikaanza kutembea. Nakuona, akasema. Nakuona. Nakuona. Sikuwa nimefika hata mbele ya taa ya kushoto aliposema nimepotea. Nikaweka tofali. Akashuka kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi, akaja kupima kwa macho, akatikisa kichwa kuisikitikia nguzo ile.

"Sasa lete Kasha," akasema. "Uone gari."

Tukalitoa Bi Harusi, tukalichukua Kasha lililokuwa limelala pembeni ya ua, tukaliingiza mahali palepale, matairi kwenye alama zilezile. Akakaa, akajinyoosha, akapiga usukani kofi kama anayempiga rafiki begani. Nikaanza tena kutoka bombani. Nakuona. Nakuona. Nilikuwa nakaribia tofali, na nilitaka sana kulipita. Nakumbuka niliuburuta mguu.

"Umepotea," akasema.

Nilikuwa nimesimama juu ya tofali.

Nikafikiri labda amechanganya. Nikamwambia turudie. Tukarudia, nikapotea palepale. Akaniambia narudia vibaya, naenda haraka. Tukarudia tena. Dada akaacha vifungo. Alikuja akamwambia mumewe ashuke, akapanda yeye, akakazia macho bomba. Nikaanza kutembea naye akawa anasema ananiona, ananiona, nikalipita tofali, nikaipita taa, nikaupita mlango wa mbele, bado ananiona, mpaka nilipofika usawa wa bega lake. Akaomba tumrudishie na Bi Harusi. Kwa Bi Harusi nilijificha kidogo tu kwenye ile nguzo, hatua moja, kisha nikatokea tena upande wa pili.

Shemeji akaenda kusimama katikati ya uwanja, mbali na magari yote mawili, akakazia macho bomba.

"Tembea," akaniambia.

Hakukuwa na nguzo, wala kioo, wala boneti. Palikuwa na jua na hewa tupu kati yetu. Nikatembea. Safari hii nilimzunguka kwa karibu, kiasi cha kusikia anavyopumua, nikamsikia anauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Umekwenda wapi?"

Dada alishika mdomo. Shemeji akageuza kichwa, akanikuta nimesimama mbele ya pua yake kabisa, akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

Akakataa, bila shaka. Alichukua sindano kwenye ukosi wa shati lake na uzi mfukoni, akautunga mbele yetu kwa mara moja. Alitunga na nyingine. Mtu mwenye macho mabovu anaweza hivi? Na kweli uzi ulipita.

Sijui kwa nini nilikwenda kuutazama ubavu wa Kasha. Nafikiri nilitaka kuangalia kitu kingine chochote. Nikachuchumaa. Mimi maisha yangu ni rangi, na kwenye ile mikwaruzo kulikuwa na rangi zimeganda. Kulikuwa na nyeupe ya chokaa. Kulikuwa na kahawia ya mlango wa mbao. Na kulikuwa na mstari mrefu wa kijani kibichi chenye bluu kidogo ndani yake, ambao niliujua kama mtu anavyojua mwandiko wake. Kijani kile nilikichanganya mwenyewe kwa ajili ya geti la shule ya ufundi, kwa sababu mkuu wa shule aliikataa ile ya dukani. Hakuna kwingine kilipo. Na geti la shule halitembei, wala halikwaruzi gari la mtu likakimbia.

Sikutaka kumwambia, lakini alikuwa ameshasimama nyuma yangu. Nikamwonyesha. Akapitisha kidole kwenye ule mstari kutoka taa hadi mlango wa nyuma, polepole, akapita kwenye chokaa, akapita kwenye kahawia, akapita kwenye bonyeo moja kubwa lisilo na rangi yoyote. Hapo kidole kikasimama.

"Hili sijui ni nini," akasema.

Akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake safi ya Jumamosi.

Daktari wa macho tuliyempata alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza. Alimkalisha shemeji mbele ya chombo kama bakuli kubwa jeupe, akampa kitufe abonyeze kila anapoona nuru. Sisi tulikaa nyuma tukiona nuru zikiwaka, huku na huku, na mkono wa shemeji umetulia. Ziliwaka nyingi, mkono umetulia. Dada alikuwa anaminya kidole changu hadi kikafa ganzi.

Ni presha ya macho, daktari akatueleza. Inakula pembeni kwanza, inaacha katikati, kwa hiyo mtu anasoma, anatunga uzi, anatambua uso wa mtu, na anaapa kwamba haumwi. Haoni weusi wowote. Pale pasipoonekana ubongo unajaza kwa barabara na ukuta, mtu hajui kama kuna kinachokosekana. Shemeji alikuwa kama anayeitazama dunia kupitia bomba, na kushoto kulikuwa kumeliwa zaidi. Ugonjwa huo alikuwa nao miaka. Kilichopotea hakirudi, dawa ya matone italinda kilichobaki. Kuendesha gari, basi.

Kisha akauliza kitu ambacho yeye alikiona cha kawaida. Muda wote huo mzee alikuwa anaendesha na nani? Dada akainua mkono, kama mwanafunzi.

"Basi mama," daktari akasema, "wewe ndiye uliyekuwa unaona."

Nilidhani dada atatabasamu. Alisimama akatoka nje. Nilimkuta kwenye benchi la ukumbini ameukumbatia mkoba wake.

"Kuna siku nilikuwa nasinzia," akaniambia. "Jioni tukirudi kazini. Nilikuwa nasinzia njia nzima."

Nikakaa karibu naye. Ndipo akaanza kuhesabu waliopanda Kasha: pacha wakiwa wadogo, watoto wa jirani, mimi. Nikamwambia wakati ule huenda macho yalikuwa bado mazima. Akaniuliza kama nina hakika. Sina hakika.

Ndani, daktari alikuwa anauliza habari za ukoo, na shemeji akamwambia baba yake alikuwa haoni vizuri uzeeni, lakini nani anaona vizuri uzeeni. Kisha akanyamaza katikati ya sentensi. Alituambia baadaye alichokikumbuka. Baba yake alikuwa na sifa ya dharau. Watu walilalamika kwamba anapishana nao bega kwa bega bila salamu. Ndugu walimsema, mkewe alimsema, na yeye mwenyewe shemeji, akiwa kijana, aliwahi kugombana naye kwa jambo hilo na wakakaa muda mrefu hawaongei. Mzee yule alikufa akiitwa mwenye majivuno.

Nilimwona shemeji akiwa mtu mzito siku zile. Anakaa ndani ya Kasha uani, milango wazi, mikono kwenye usukani, gari limezimwa. Mtu asingejua kama anaomboleza gari au macho au baba yake au lile bonyeo lisilo na rangi. Alilirudia sana bonyeo lile. Alituuliza kama kuna mtu tunayemfahamu aliyewahi kugongwa na gari likakimbia. Dada alimwambia angesikia kishindo, angehisi, hakuna anayegonga mtu asijue. Aliitikia, lakini nadhani mpaka leo hajapata amani kwa hilo, na sisi hatuna cha kumpa.

Siku moja akaniomba nimpeleke kwa muuza mikate, kwa miguu. Nilitembea kushoto kwake. Muuza mikate alikuwa ameshaunda sanduku jipya. Shemeji alimwambia kwamba siku ile alisema kweli: uso wake ulimgeukia, ila pembe ya jicho iliyomwelekea ilikuwa tupu. Alimweleza yote, bomba, tofali, bakuli la nuru. Yule mtu alisikiliza hadi mwisho huku mkono wake umeshika kiti cha baiskeli, kisha akauliza anaweza kupimwa wapi, maana mama yake naye ana tabia ya kujigonga milangoni.

Kasha limechukuliwa na mfuga kuku anayelipenda kwa nafasi yake, na kwa kuwa sasa washonaji wenyewe ndio wanaoleta cherehani uani, kazi haikufa. Bi Harusi bado lipo. Dada hulitazama kwa jicho la pembeni. Anasema gari hilo lilimwumiza goti likamweka nyumbani, ndipo ugonjwa ukajulikana, na hajui alishukuru au alitukane.

Daktari alikuwa amesisitiza watoto wapimwe. Pacha wakaja pamoja, kama walivyokuja na gari. Mkubwa alitoka haraka, hana kitu. Mdogo alikawia. Ndiye aliyekuwa ameendesha Bi Harusi kutoka mji wao, safari ndefu, siku ile ya furaha. Tulikaa ukumbini sote, shemeji katikati, hatutazamani. Mlango ulipofunguliwa, binti alikuwa na chupa ndogo ya dawa mkononi na macho mekundu.

Presha ipo, akasema. Imeanza. Lakini hajapoteza chochote, upande wowote. Alibonyeza kitufe kwa nuru zote. Daktari amemwambia akitumia matone kila siku ataona hadi uzee wake, na hata kuendesha aendeshe tu.

Dada alilia hadharani bila aibu. Shemeji hakulia. Alimshika mwanawe mabega, akamgeuza taratibu kuelekea dirishani penye mwanga, akarudi nyuma hatua chache na kuanza kutembea kumzunguka, huku anamuuliza kila hatua, na binti akimjibu, sauti inakatika kwa machozi, kwamba anamwona.